UZI: Kula nje na kupika nyumbani na marafiki hapa mjini Unguja. Kila chakula kina saa yake

Mleta uzi

Assalaam aleikum wadau.

Kila ukikaribia mwisho wa wiki, kwenye makundi ya marafiki huzuka mzozo ule ule: leo tunakula wapi? Mmoja anataka Forodhani, ile bustani ya ufukweni yenye wauza vyakula, wa pili anasema Forodhani ni ya wageni, wa tatu anataka biriani ipikwe nyumbani, wa nne hataki habari ya kuosha masufuria. Mwisho watu wanakwenda popote, wanakula chochote, wanarudi makwao hawana la kusimulia. Mie na wenzangu mzozo huu tushaumaliza zamani, na nataka niandike hapa namna tunavyokula, kwa sababu mji huu umejaa vyakula na naona wengi tunaishi navyo ukuta kwa ukuta bila ya kuvifaidi.

Msimamo wangu ni huu. Mkahawa na jiko la nyumbani visishindanishwe. Chakula cha mjini kina saa zake na mahali pake. Kuna kinachotaka kuliwa nje kwa sababu kinataka chungu kikubwa, moto wa siku nzima na watu wengi wa kukimaliza kingali moto. Na kuna ambacho mkahawa hauwezi kukufanyia hata ulipe mara tatu, kwa sababu kinataka watu wakae nacho tangu asubuhi. Kundi la marafiki likijua kipi ni kipi, linakula vizuri kuliko tajiri anayekula peke yake kila siku kwenye meza yenye kitambaa.

Asubuhi sina maneno mengi. Chai ya maziwa, chapati, supu yenye ndimu, maandazi na mbaazi za nazi. Nunua karibu na ulipo, kula, nenda kazini.

Mchana ndio saa ya mkahawa, na hapa nasisitiza saa. Wali wa nazi na mchuzi wa samaki uliotoka jikoni saa sita na nusu si ule utakaoukuta saa nane. Saa nane wali ushakauka ukingoni, samaki wazuri washachukuliwa, mchuzi umechemshwa mara ya pili ukawa mzito. Kwa hiyo tukienda Lukmaan pale Mkunazini, penye mbuyu, au Passing Show kule Malindi, tunakwenda mapema, vyakula vingali vinatolewa jikoni. Tizama kinachotoka sasa hivi, uchukue hicho, hata kama ulitoka nyumbani na hamu ya chengine.

Namna ya kuagiza nayo ina maana. Watu watano wakienda mkahawani, kila mmoja akaagiza pilau yake na kuku wake, wamekula chakula kimoja mara tano. Sisi kila mtu huagiza kitu tofauti na vyote vinawekwa katikati: sahani ya pilau, sahani ya wali wa nazi, changu wa kukaanga, pweza wa nazi, mchicha, maharage, kachumbari, pilipili ya kusaga kwenye kisahani. Unaonja kila kitu, na bei kwa kichwa haipandi. Tena ndipo unapojua mkahawa upi una mkono wa samaki na upi una mkono wa nyama, maana ni nadra mno kukuta vyote viwili pamoja.

Alasiri ni saa ya urojo. Hapa niacheni niseme.

Urojo ndio chakula ninachokipenda kuliko vyote vinavyouzwa nje katika mji huu. Ndani ya bakuli moja una mchuzi wa manjano uliotiwa unga kidogo na ukali wa embe mbichi na ndimu, una mbatata za kuchemsha, bajia, kachori, mshikaki au miwili, yai kwa anayetaka, kisha chatine ya nazi, pilipili, na juu kabisa chipsi za muhogo zilizoparwa nyembamba mpaka karibu uone mkono upande wa pili. Hizo chipsi ndizo saa ya urojo. Muuzaji anayejua kazi yake hazitii mpaka bakuli liwe tayari kukabidhiwa. Kijiko cha kwanza zinavunjika, cha tatu zimeanza kunywa mchuzi, cha saba zimelainika na zimeshakuwa sehemu ya bakuli. Hizo ladha tatu ziko ndani ya dakika chache tu. Ndiyo maana nawaomba wanaofungisha urojo kwenye mfuko wakapanda nao daladala hadi Fuoni waache. Kaeni barazani, mle hapo hapo.

Na urojo haufai kupikwa nyumbani kwa ajili ya watu watano. Hesabu mwenyewe: mchuzi, mbatata, bajia, kachori, mishikaki, chatine, muhogo, yaani masufuria na vikaango saba kwa kitu kitakacholiwa robo saa. Anayeuza anapika kwa ajili ya mtaa mzima, hivyo jasho lake lina faida. Kila mtaa una wake, na watu wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, wanajua kwamba urojo mzuri mara nyingi hauna bango wala meza. Una benchi na foleni.

Usiku ni Forodhani. Bustani ile ilitengenezwa upya ikafunguliwa 2009, na tangu hapo watu wengi wa mjini wameichukulia kuwa ni mahali pa kupitisha wageni. Mie sikubaliani. Baada ya magharibi upepo wa bahari unaingia, watoto wanaruka majini kutoka ukutani, na ukijua cha kula huna sababu ya kwenda pengine. Cha kula ni kile kinachotengenezwa mbele ya macho yako. Piza ya Unguja, kwa mfano: unauona unga unavyovutwa mpaka unakuwa mwembamba, unaona nyama ya kusaga, kitunguu na yai vinavyotiwa, unaona unavyokunjwa na kuwekwa kwenye tava. Mishikaki inageuzwa mbele yako. Miwa inapitishwa kwenye mashine pamoja na ndimu na tangawizi, unapewa gilasi povu halijatulia. Uliza bei kabla hujaagiza, kama unavyouliza sokoni, na kaeni upande wa bahari.

Kabla ya hapo, kati ya alasiri na magharibi, kuna kahawa ya baraza. Jaws Corner pale Mji Mkongwe panajulikana, lakini mabaraza yamejaa mji mzima. Kikombe kidogo kisicho na mkono, dele la shaba juu ya makaa, kashata ya njugu. Hapo ndipo mipango yetu ya Jumapili hupangwa, maana Jumapili hatuli nje.

Jumapili tunapika. Na kwa kuwa tukipika mara nyingi ni biriani, nitaieleza kwa kirefu.

Wawili huenda Darajani mapema. Soko lile lipo tangu 1904 na bado asubuhi ndiyo saa yake. Nyama ya mbuzi au kuku wa kienyeji. Muuza nyama mueleze kwamba ni ya biriani akukatie vipande vyenye mfupa. Vitunguu maji vingi kuliko unavyodhani. Tungule (nyanya), thomu (kitunguu saumu), tangawizi, papai bichi, mtindi, hiliki, mdalasini, karafuu, uzile (bizari nyembamba), pilipili manga. Viungo nunua vizima ukasage nyumbani, vile vya pakiti vya kuwauzia watalii viache.

Nyumbani kazi ya kwanza ni vitunguu, na hapa ndipo unapoona faida ya kuwa na marafiki. Mtu mmoja akikata kilo tatu za vitunguu atachoka ataanza kukata vipande vinene, na vipande vinene vinaungua nje vikabaki vibichi ndani. Watu wanne wakikaa juu ya jamvi, kila mmoja na kisu chake, machozi yakiwatoka na mazungumzo yakiendelea, vinakatwa vyembamba vyote sawa. Kisha vinakaangwa kwa mafuta mengi mpaka vikolee rangi ya kahawia. Vitoe kabla hujaridhika, kwa sababu vinaendelea kukolea vikiwa kwenye chungio. Vikipoa viwe vinavunjika mkononi. Mafuta yale yasimwagwe, maana yamebeba harufu yote na ndiyo yatakayotiwa juu ya wali.

Nyama iwe imeshalazwa na thomu, tangawizi, mtindi na papai bichi lililosagwa. Papai lina kitu cha asili kinachovunja nyama ikalainika, kwa hiyo kijiko kimoja cha chakula kwa kilo kinatosha. Ukizidisha nyama inapondeka ikawa uji. Masala inapikwa chungu chake, wali sufuria yake. Wali unachemshwa ukabaki na kiini kidogo, unachujwa, unarudishwa motoni na hiliki na zafarani, unamwagiwa yale mafuta ya vitunguu, unafunikwa. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko. Wali unaiva kwa mvuke na kwa joto la juu, punje moja moja, na chini unapata ukoko mwembamba ambao hapa kwetu unagombaniwa.

Masala chini, wali juu, sinia moja, watu wote wamezunguka. Ndimu, kachumbari, achari ya embe. Na kanuni yetu moja: aliyefika vitunguu vishakatwa ndiye mwosha masufuria. Tangu tuiweke, watu wanakuja mapema.

Karibuni mchangie. Nataka hasa kujua kwenu mnapika nini mkikutana.

Mdau wa Kikwajuni

Uzi mtamu, lakini ndugu yangu umeandika kama mtu mwenye siku nzima. Wengine tunatoka kazini saa kumi na moja jioni, Jumapili ndiyo siku ya kufua na kwenda kuwaona wazee shamba. Mkaa bei juu, gesi bei juu, nazi ndiyo usiseme. Bora watu wachange wakanunue wali na mchuzi, waondoke.

Mleta uzi

Hoja yako ina uzito na sitaki niirukie. Biriani si ya kila wiki hata kwetu. Siku za kazi tukitaka kukutana tunapika kitu cha saa moja: muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga. Muhogo unachemshwa na tui jepesi, chumvi na pilipili mbichi nzima isiyopasuliwa, ukiiva unatiwa tui zito unakorogwa taratibu moto mdogo. Samaki unamnunua kesha paruliwa, unampaka thomu, ndimu na chumvi, kikaangoni. Sufuria moja, kikaango kimoja, mumeshiba.

Kuhusu gharama, sisi kila mmoja anakuja na kitu. Mwenye nyumba yeye anatoa jiko, moto na chumvi, hadaiwi chengine. Mmoja analeta nazi, mmoja samaki, mmoja mchele, mmoja matunda. Hakuna anayeandika nani kaleta nini kwa shilingi ngapi. Asiye na kitu wiki hiyo anakuja na mikono yake, akakuna nazi, na hatazamwi vibaya. Nakwambia kwa yakini, kundi linaloanza kudaiana kwa ajili ya chakula halifiki mwaka.

Na msimu uutizame. Wakati wa upepo wa kusi, kuanzia Juni hivi, bahari inachafuka, vyombo vidogo vinashindwa kutoka na samaki hupanda bei. Miezi hiyo pikeni kunde, mbaazi, choroko za nazi. Kaskazi ikiingia rudini kwenye jodari na nguru.

Mgeni kutoka Dodoma

Habari za huko visiwani. Mimi ni wa bara, nakuja Unguja na wenzangu wawili, tuna rafiki tuliyesoma naye ambaye ni mwenyeji wa Mpendae. Ametualika kula kwao siku moja. Tunaomba mwongozo: tubebe nini, tuvae vipi, na kuna mambo ya kuepuka? Pia tumesikia habari za kula kwenye paa na ule mkahawa ulio juu ya mwamba baharini. Inafaa?

Bibie wa Mpendae

Karibuni sana ndugu zetu, na nyinyi mnaokuja ndio mtakaokula vizuri kuliko sote, maana mwenyeji wenu atapika vyote kwa siku moja.

Msibebe chakula kilichopikwa. Bebeni matunda, au mkileta zabibu za huko Dodoma mtawafurahisha watu wa nyumba mpaka mshangae. Vaeni mavazi ya heshima, ya kufunika mabega na magoti, wanawake na mtandio mkononi. Mkifika piga hodi, subirini mkaribishwe, viatu mlangoni. Mama wa nyumba mwamkieni shikamoo kabla hamjamuuliza rafiki yenu yuko wapi. Huenda wanaume wakaandaliwa chumba kimoja na wanawake chumba chengine. Hiyo ni kawaida, msione mmetengwa.

Mtaletewa maji ya kunawa. Kula kwa mkono wa kulia, na kwenye sinia kila mtu anakula upande wake. Minofu ya katikati mtagawiwa na mwenyeji, msiifuate. Mtaambiwa "kuleni" mara nyingi mno. Mkishiba semeni alhamdulillahi au tumeshiba, asanteni, lakini acheni nafasi, kwa sababu baada ya sinia kuondoka kunakuja kitu kitamu, vipopoo au kaimati au halua, na kahawa. Kuondoka kabla ya kahawa si vizuri.

Kama safari yenu itaangukia Ramadhani, jueni kwamba mchana mikahawa mingi ya mjini hufungwa na watu hawali barabarani. Lakini msiiahirishe safari kwa sababu hiyo! Magharibi ya Ramadhani ndiyo karamu kubwa ya mji huu. Kabla ya adhana utaona watoto wanapita na sahani zilizofunikwa kawa, nyumba hii inapelekea ile, na ile inarudisha sahani ina kitu ndani. Muhogo, ndizi na majimbi ya nazi, tambi, uji wa pilipili manga, sambusa, katlesi, mkate wa ufuta. Mkate wa ufuta ukiupata mahali wanapoupika mbele yako, simameni mtizame: unga wa tui unamwagwa kwenye kikaango, ufuta unanyunyizwa, chini ukiiva kikaango kinageuzwa juu chini kikielekea makaa, mkate unashikilia hauanguki, na ufuta unaiva kwa joto la makaa moja kwa moja.

Mleta uzi

Bibie kamaliza kila kitu, Mola amlipe. Niongezee habari ya paa na mwamba.

Mji Mkongwe majumba yake ni marefu na paa nyingi zimefanywa mikahawa, ile ya Emerson pale Hurumzi ikiwa ni miongoni mwa zinazojulikana. Mnakwenda kwa ajili ya magharibi: mapaa ya mabati, minara ya misikiti na ya makanisa, jahazi zinarudi, adhana zinapokezana. Kwa mtu aliyekuja mara moja inastahili pesa yake. Wekeni nafasi mapema, fikeni kabla jua halijazama.

Ule wa mwambani ni The Rock, Pingwe, upande wa Michamvi, kusini mashariki. Maji yakiwa makavu mnakwenda kwa miguu, yakijaa mnavushwa na kiboti. Ni safari ya kuvuka kisiwa, kwa hiyo ifanyeni pamoja na siku ya pwani, msitoke mjini kwa ajili ya sahani moja. Kwangu mimi raha ya pale ni kutizama maji yanavyoingia mkiwa mmekaa, na rafiki wa kuzungumza naye.

Lakini siku mtakayoikumbuka ni ile ya Mpendae, hilo nakuhakikishieni.

Mtu wa Wete

Mleta uzi, salamu kutoka Pemba. Umeandika mchele na karafuu ukasahau karafuu zenyewe zinatoka wapi! Sie huku mikahawa si mingi kama huko kwenu, hivyo ule mzozo wa "twende wapi" hatunao. Tunapika. Wakati wa vuno la karafuu watu wanarudi kutoka shamba jioni, majamvi yashaanikwa, njia nzima inanukia, na chakula kinapikwa cha watu wengi kwa pamoja. Shelisheli hatujasikia habari yake kwenye uzi huu. Shelisheli bichi likikatwa nyembamba likakaangwa na chumvi, mbatata hazisogei. Likipikwa na nazi ni chakula kamili.

Halafu pweza. Umetaja pweza wa nazi kwa maneno matatu tu ukapita. Pweza anataka uzi wake peke yake.

Shoga wa Jang'ombe

Naunga mkono pweza. Mie kila nikimpika nyumbani anakuwa mgumu, nikila mkahawani laini. Wanamfanya nini? Nina wageni wa shoga zangu Jumamosi na nshawaahidi.

Mleta uzi

Mtu wa Wete, kweli kabisa, na shelisheli nalikubali kwa mikono miwili. Bibie wa Jang'ombe, nitaeleza kama alivyotufundisha mama wa rafiki yetu, ambaye hukaa kwenye kibao akatusimamia mpaka tumalize.

Anza na kumnunua. Bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yanakupwa sana na wanawake na wanaume wa pwani wanashuka mwambani kumtafuta pweza; siku hizo ndipo anapokuwa mwingi na mbichi sokoni. Chagua aliye mkubwa. Viko vijiji, Kisiwa Panza huko Pemba ni kimojawapo, ambavyo hufunga sehemu ya mwamba kwa miezi ili pweza wakue, na siku ya kufungua watu wanawapata wakubwa kweli. Pweza mdogo mdogo anayevuliwa kila siku mwache, hana nyama, na ukimnunua unamaliza mbegu.

Hakikisha kapigwa. Kule pwani humpiga kwenye jiwe mara nyingi mpaka vidole vyake, yaani minyiri, vinalegea. Kama uliyempata anakaza ukimvuta, mwambie muuzaji ampige, au umpige mwenyewe kwa mwiko wa mti. Ukiwa na friza mgandishe usiku mmoja kisha umyeyushe, nayo inasaidia kuvunja ule ugumu.

Sasa kupika. Muoshe, muweke kwenye sufuria mzima bila ya maji na bila ya chumvi. Funika, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe, mekundu, mengi, na atajikunja. Muache aive ndani ya maji yake hayo. Usifunue kila dakika, usimharakishe kwa moto mkali. Moto mkali ndio unaomkaza. Kwa pweza wa kilo moja na kitu ni kama saa moja, lakini usifuate saa, fuata uma: uchome pale kidole kinene kinapoungana na kichwa, ukiingia bila kulazimisha kaiva. Maji yakikauka kabla, ongeza ya moto kidogo.

Mtoe, apoe, ndipo umkate. Pembeni kaanga kitunguu, thomu, tungule, manjano kidogo, pilipili mbichi. Tia tui jepesi, tia pweza, achemke mpaka mchuzi ushikane naye. Nazi kuna mwenyewe na ukamue kwa kifumbu, maana shoga zako wataitambua tofauti kabla hawajakaa. Tui zito linaingia mwisho, moto chini kabisa, unakoroga upande mmoja bila kuacha ili lisikatike. Likianza tu kutokota, epua.

Ndimu baada ya kuepua. Chumvi pia weka mwisho na uonje kwanza, kwa sababu pweza ana chumvi yake ya bahari. Wali wa nazi usimpikie, tui juu ya tui linachosha. Mpikie wali mweupe, au mkate wa kumimina usiotiwa sukari nyingi.

Jumamosi ukishapika rudi hapa utueleze, na Mtu wa Wete naye atuwekee mapishi ya shelisheli la nazi, tumengojea.